Chujio: Maana Yake na Matumizi Yake

Jina "chujio" latokana na tendo la kuchuja, yaani kupitisha kitu cha majimaji katika matundu madogo ili takataka zibaki na kilicho safi kipite. Mjini Nairobi wengi hukiita chombo hiki kichungi. Tendo lenyewe limetoka jikoni likafika hata katika siasa: wagombea wanapopunguzwa kabla ya uchaguzi mkuu, kura hizo huitwa kura za mchujo.

Vyombo vya namna hii ni vingi. Huko Pwani, nazi iliyokunwa hutiwa katika kifumbu kilichosukwa kwa ukindu, ikakamuliwa. Tui hutoka, chicha hubaki. Unga nao huchekechwa kwa chekeche. Katika nyumba za Kibera na Kawangware, linalojulikana zaidi ni chujio dogo la chai, lenye mpini na wavu wa waya au wa plastiki, kwa kuwa chai ya maziwa huchemshwa pamoja na majani yake.

Hata hivyo, yapasa kufahamu mpaka wa kazi yake. Chujio huzuia kile tu kilicho kikubwa kuliko matundu yake. Milimita moja ikigawanywa sehemu 1,000, urefu wa kijidudu cha kipindupindu ni kama sehemu 2 au 3 tu; hupita katika waya kama mtu apitavyo katika lango lililo wazi. Jambo hili ni zito mahali ambapo maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, na mipira ya maji hupitishwa katika mitaro ya maji machafu. Mpira ukipasuka, uchafu huingia. Maji yaweza kung'aa kama kioo, na bado yakaua.

Nguo hufanya kazi vizuri zaidi. Huko Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa nguo kuukuu ya sari, iliyokunjwa tabaka kadhaa, vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu vingi hujishika na viumbe vidogo vya majini, na nguo huvinasa viumbe hivyo. Lakini nusu iliyobaki bado ni wagonjwa.

Kwa hiyo, maji yachujwe kwanza, kisha yachemshwe. Yatokote kwa dakika 1 hadi 3, yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa, wala yasichujwe tena. Chai ndiyo huchujwa baada ya kutoka motoni. Basi chujio lake lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, litundikwe likauke, wala lisifutwe kwa kitambaa kichafu. Mpishi amalizaye makaa yake kwa kuchemsha, kisha akamimina katika chujio chafu, amerudisha kwa mkono wake kile ambacho moto ulikwisha kukiua.