MASIKIO YANAVUMA: UNYWE DAWA GANI YA MAUMIVU?



Wako watu ambao masikio yao hayanyamazi. Usiku umetulia, watoto wamelala, hata mbwa habweki, lakini mtu anasikia sauti ndani ya sikio. Mwingine husikia kama nyenje wanalia. Mwingine husikia filimbi, au mashine ya kusaga iliyo mbali. Aliye karibu naye hasikii kitu.

Huu si uchawi, wala si wazimu. Wengine wameupata mvumo huo kwa uzee, wengine kwa kufanya kazi penye kelele nyingi miaka mingi. Wengine sikio limejaa nta tu, au lina ugonjwa. Na wako walioupata kwa sababu ya dawa walizokunywa.

Leo tutazungumza jambo moja. Mtu ambaye masikio yake yanavuma, akiumwa kichwa, mgongo au jino, anywe dawa gani ya kutuliza maumivu?

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ni mpasua mbao. Mgongo unamwuma kila siku. Asubuhi anakunywa aspirini tatu, mchana tatu, jioni tatu, na usiku akishindwa kulala anaongeza tena. Siku zinapita. Mara masikio yanaanza kuvuma kwa nguvu na kichwa kinamwuma. Mzee anafikiri ni uchovu. Basi anafanya nini? Anaongeza aspirini! Hapo anatibu ugonjwa kwa kitu kile kile kilichouleta.

Inakuwaje kidonge kiende tumboni kisha kisumbue sikio? Ndani kabisa ya sikio, mahali ambapo kidole hakifiki, mna kijumba kidogo kilichojikunja kama konokono. Ndani yake mna chembe ndogo sana zenye vinyweleo. Chembe hizo hupokea sauti, kisha sauti inapelekwa kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Aspirini ikizidi katika damu huvuruga kazi ya chembe hizo. Mtu husikia mvumo, na watu wakimsemesha huwasikia kama wako mbali.

Jambo hili lilijulikana zamani. Aspirini ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1899. Kwa miaka mingi madaktari waliitumia kutibu baridi yabisi. Walikuwa wakimwongezea mgonjwa vidonge mpaka masikio yavume, kisha wanapunguza kidogo. Ule mvumo ndio uliokuwa alama yao kwamba dawa imefika ukingoni.

Mvumo ulioletwa na aspirini kwa kawaida huisha mtu akiacha kuinywa, mara nyingi katika siku chache. Na kidonge kimoja au viwili kwa siku moja haviwasumbui masikio watu wengi. Shida huletwa na wingi. Lakini mtu aliyekwisha kunywa nyingi, kisha akaanza kuhema haraka haraka, kutoka jasho, kutapika au kuchanganyikiwa, asisubiri mvumo uishe. Huyo amelishwa sumu na dawa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Hapa lazima tuonye jambo. Wako watu waliopewa na daktari aspirini ndogo, ya miligramu 75 au 100, wanywe kila siku kwa ajili ya moyo au baada ya kupata kiharusi. Hicho ni kiasi kidogo. Kama wewe ni mmoja wao, usiiache kwa sababu umesoma gazeti hili. Ukiiacha ghafla damu inaweza kuganda mahali pabaya. Rudi kwa daktari, mwambie masikio yanavuma, yeye ndiye aamue.

Aspirini ina jamaa zake. Wanaojulikana sana vijijini ni ibuprofeni na diklofenaki. Nazo huweza kuleta mvumo, ingawa si mara nyingi kama aspirini nyingi. Tena, dawa hizi zote tatu huumiza tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutokwa damu ndani kwa ndani. Mwenye ugonjwa wa figo asizinywe bila kuuliza, na mama mjamzito vile vile. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini, isipokuwa daktari ameagiza.

Usisahau dawa ya kuchua. Ile yenye harufu kali ya kupanda puani, watu wengi hudhani inaishia kwenye ngozi. Sivyo. Nyingi zina kitu cha jamii ya aspirini, nacho hupenya ngozi na kuingia katika damu. Kujichua mahali padogo si neno. Lakini ukijipaka mgongo mzima, miguu yote miwili, mara nne kwa siku, na huku unakunywa aspirini, umejizidishia bila kujua. Na kwinini je? Wazee wanaikumbuka vizuri kwa kuvumisha masikio. Kwa hiyo mtu akipewa kwinini hospitali, amwambie mganga mapema kwamba masikio yake yalikuwa yakivuma tangu kabla.

Haya, dawa ipi basi? Kwa maumivu ya kawaida ya siku moja mbili, mwenye masikio yanayovuma aanze na parasetamoli. Wengi huiita Panadol, lakini hilo ni jina la biashara la kampuni moja tu. Dawa ni ile ile, hata kama ni ya bei ndogo. Parasetamoli ikinywewa kwa kipimo chake haileti mvumo kama ule wa aspirini.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima anywe kimoja au viwili, kisha akae angalau saa 4 kabla ya kunywa tena. Katika usiku na mchana mzima asizidishe vidonge 8. Mtu mwembamba sana, mnywaji wa pombe, na mwenye ugonjwa wa ini waulize kwanza, kwa sababu kiasi chao ni kidogo zaidi. Parasetamoli ikizidi huua ini, tena kimya kimya. Mtu anaweza kujiona mzima siku ya kwanza, kumbe ini limekwisha kuharibika.

Hata hiyo si ya kunywa kila siku kama chai. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa wanawake wengi, waliofuatwa kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba waliokunywa dawa za maumivu karibu kila siku, parasetamoli ikiwamo, walipata mvumo wa masikio zaidi kuliko wengine. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyouleta. Lakini maumivu yanayodai kidonge kila siku yanataka kupimwa. Jino bovu linataka mganga wa meno, siyo pakiti nyingine. Homa na kichwa vinataka kipimo cha malaria. Na yule mpasua mbao wetu angeanza kwa kukanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, na kutafuta mtu wa kusaidiana naye kubeba magogo.

Sasa twende dukani. Hapa ndipo kujua kusoma kunapokufaa, ndugu yangu. Watu wengi huchagua dawa kwa rangi. "Nipe ile nyekundu," "nipe ile aliyokunywa jirani." Rangi haisemi kitu. Viwanda viwili vinaweza kutengeneza dawa mbili tofauti zenye rangi moja. Sikiliza mzee huyu anavyonunua:

– Shikamoo, mzee.
– Marahaba, mwanangu. Nataka dawa ya mgongo.
– Iko hii ya mchanganyiko, ina nguvu sana.
– Mchanganyiko wa nini na nini? Masikio yangu yanavuma, mwanangu. Sitaki yenye aspirini.
– Ngoja nisome... Ee, mzee, aspirini imo. Basi chukua hii parasetamoli tupu.

Mzee ameokoa masikio yake kwa swali moja. Dawa nyingi za mchanganyiko zina aspirini au parasetamoli ndani yake, hata zile za mafua. Ukinywa ya mafua na ya kichwa pamoja, huenda umekunywa parasetamoli mara mbili. Muuzaji asiyeweza kukuambia kilichomo, usinunue kwake. Na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha karatasi bila jina, viache hapo hapo.

Iko mivumo ambayo si ya kwenda dukani kabisa. Sikio likiziba ghafla usisikie, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani matibabu ya kuchelewa huenda yasifae. Nenda pia kama mvumo uko sikio moja tu, kama unapiga pamoja na mapigo ya moyo, kama unaona kizunguzungu, au kama sikio linatoa usaha. Ukifika, wape majina ya dawa zote unazotumia, na za kuchua pia. Afadhali uende na pakiti zenyewe.

ZOEZI

Kusanya pakiti zote za dawa zilizomo nyumbani kwako. Majina yameandikwa kwa Kiingereza, lakini herufi ni zile zile ulizojifunza. Tafuta neno ASPIRIN. Pengine utakuta ACETYLSALICYLIC ACID. Ni kitu kile kile. Kisha tafuta IBUPROFEN, DICLOFENAC na PARACETAMOL. Kwenye dawa ya kuchua tafuta SALICYLATE. Andika katika daftari lako jina la kila dawa na miligramu zake. Kisha tazama herufi EXP. Tarehe iliyo mbele yake ni ya mwisho wa kutumia dawa hiyo. Kama imepita, irudishe duka la dawa au zahanati. Usiitupe mahali ambapo watoto wataiokota.