Kwa Nini Jeraha la Vita Halishonwi Siku ya Kwanza

Risasi huingia mwilini pamoja na udongo na vipande vya nguo. Nyama iliyopondeka, sawa na ile ya mtu aliyeangukiwa na ukuta wakati wa tetemeko la ardhi, hukosa damu na oksijeni. Humo hustawi bakteria wasiohitaji hewa, wakiwamo wale wa pepopunda. Kulishona jeraha hilo papo hapo ni kuwafungia ndani. Ndiyo maana kanuni ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ni kuikata nyama iliyokufa, kuliosha jeraha kwa maji mengi, kulifunika kwa shashi, na kulishona baada ya siku 4 au 5 likiwa safi. (Majeraha ya uso, wenye damu nyingi, hayamo katika kanuni hiyo.)

Lakini atakayelishona ni nani? Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010 vikundi vya waganga vilimiminika, vingine bila ujuzi wa majeraha ya namna hiyo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilichapisha viwango vya chini: kikundi cha upasuaji kiwe na vitanda 20, kiweze kufanya upasuaji mkubwa mara 7 kwa siku, tena kikae majuma 3. Sharti hili la mwisho, ambalo laonekana dogo, ndilo linalomhakikishia majeruhi kwamba siku ya tano mpasuaji wake angali yupo.