Keekee: Kutambua Chombo kwa Majina ya Viungo Vyake

Asiyezoea kazi ya mbao akioneshwa upinde mfupi wenye kamba iliyolegea, pamoja na kijiti cha mviringo chenye ncha ya chuma, huenda akadhani ameona silaha ya mtoto au ala ya muziki. Kumbe hiyo ni keekee, chombo walichotumia mafundi wa majahazi katika pwani ya Afrika Mashariki kutobolea mbao kabla ya kupigilia misumari, ili zisipasuke.

Umbo lenyewe ni ushahidi. Kamba haikulegea kwa uchakavu. Huzungushwa mara moja kwenye kijiti, na fundi avutapo upinde na kuusukuma, kijiti huzunguka huku na huku. Ndiyo maana ncha hukata pande zote mbili.

Ushahidi wa pili, unaomhusu zaidi mwanafunzi wa Kiswahili, umo katika msamiati. Kamusi ya Johnson (1939) imehifadhi majina ya viungo: kijiti kizungukacho ni msukano, kishikio cha juu ni jivu, na upinde ni uta. Anayeyajua majina hayo karibu hahitaji mchoro.

Hata hivyo, keekee ni bangili pia, aghalabu ya fedha. Mhakiki akilikuta neno hilo katika utungo wa kale, sharti atazame limeandamana na maneno gani. Msukano na jivu humpeleka kwa fundi moja kwa moja. Uta peke yake hautoshi, kwani hata mwindaji anao.