Somo la Uyoga wa Njozi: Dawa, Ulevi na Sharti Zake

Katika vitu vipotoshavyo akili ya mwanadamu, viko ambavyo watu wa pwani wanavijua kwa majina na kwa madhara yake: tembo, bangi, afyuni, na katika miaka hii unga wa heroini ulioangamiza vijana wa Mombasa, Malindi na Unguja. Liko na fungu jingine ambalo hapa halijulikani sana, nalo ni la dawa zioneshazo njozi. Mashuhuri katika hizo ni mbili: psilosibini, itokayo katika aina za uyoga mdogo, na LSD, iliyotengezwa na wakemia. Khabari zake zimezidi kuja kutoka Marekani na Ulaya, kwamba matabibu wanazijaribu kwa wagonjwa wa huzuni nzito na khofu ya mauti, na kwamba baadhi ya serikali zimeanza kulegeza sheria. Mwenye kusikia hayo huenda akakanusha yote kwa kuwa ni ulevi, au akayapokea yote kwa kuwa yamesemwa na daktari. Yote mawili ni haraka. Jambo hili lataka kusomwa tangu asili yake.

Kwanza na ifahamike tafauti. Mlevi wa tembo hulegea viungo, akalala, akasahau. Mwenye kutumia heroini mwili wake humdai killa siku, na akiikosa huugua. Uyoga huu hauko hivyo. Mwenye kuula hukaa macho, na kwa muda wa saa nne hata sita huona rangi na sura zisizokuwapo, hucheka au hulia, saa moja humwia kama siku nzima, na pengine huhisi kwamba nafsi yake imeyeyuka. Kazi hiyo hufanyika katika ubongo. Psilosibini ikiingia mwilini hugeuka ikawa psilosini, nayo hushika mahali pa kupokelea serotonini, ambayo ni mjumbe wa asili wa mwili, kama ufunguo wa jirani uingiavyo katika kufuli isiyo yake. Mwili hauzoei kuidai, wala si kawaida mtu kufa kwa sumu yake. Lakini kutokuua si sawa na kutodhuru. Aliye katika hali ile aweza kuingia njiani penye magari asitambue, na mwenye asili ya wazimu aweza kuamshiwa wazimu wake usilale tena.

Asili ya khabari ni Mexico. Kabila la Wamazateki hukaa katika milima ya Oaxaca, kusini ya nchi hiyo, na mji wao mmoja mashuhuri ni Huautla de Jiménez. Uyoga wa njozi ulijulikana Mexico kabla ya kuja Wahispania. Padri wao, Bernardino de Sahagún, aliandika khabari zake katika karne ya 16, na makasisi wakaupiga vita, wenyeji wakauficha. Pamoja na uyoga zilifichwa sharti zake, na sharti hizo ndizo kiini cha somo hili. Wamazateki hawakuula kwa furaha wala kwa kupitisha wakati. Uliliwa usiku, ndani ya nyumba, kwa ajili ya ugonjwa, mbele ya mganga aliyekwisha kuujua, ambaye huimba usiku kucha asimwache mgonjwa peke yake. Mwenye kuukusudia alikuwa na siku za kujizuia.

Katika mambo yao yako ambayo Mwislamu hawezi kuyakubali, maana waganga wale huwaomba pepo wa milima pamoja na mawalii wa Kikristo, na hapo hapana la kujadiliwa. Lakini adabu ya kukiweka chenye khatari nyuma ya mlango, na ufunguo akapewa mtu mmoja mwenye ujuzi, mwenye akili huitambua hata akiiona kwa asiyekuwa wa dini yake.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1955. Mtu mmoja wa New York, R. Gordon Wasson, mkubwa katika benki ya J.P. Morgan na mpenzi wa khabari za uyoga, alifika Huautla, na usiku wa tarehe 29 Juni akakaribishwa na mganga mwanamke, María Sabina. Mwezi wa Mei 1957 akaieleza safari yake katika gazeti la Life, lililokuwa na wasomaji mamilioni. Alimficha mama yule kwa jina jingine, lakini haikufaa kitu. Haikupita miaka mingi vijana wa Kimarekani na wa Ulaya wakapanda milima ile makundi kwa makundi, wakaula uyoga wapendapo na saa wapendayo, pasi na mgonjwa wala mganga. Serikali ikapeleka askari kuwatoa. Wenyeji wakamlaumu María Sabina, na nyumba yake ikachomwa moto. Uzeeni aliposimulia maisha yake, alisema kwamba kabla ya wageni uyoga uliliwa ili wagonjwa wapone, na kwamba tangu kuja kwao nguvu zake zimeondoka. Alikufa mwaka 1985 katika umaskini. Wasson naye hakuwa mwizi. Alikuwa mgeni mwenye adabu aliyeingia kwa ruhusa. Aliloliharibu aliliharibu kwa kalamu.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Basel, Uswisi, mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz alikuwa amekwisha kutengeza LSD mwaka 1938, kutokana na kuvu inayoota katika nafaka. Nguvu zake hakuzijua mpaka Aprili 1943, alipokunywa robo ya miligramu, kiasi kisichoonekana kwa jicho kuwa ni kitu, akarudi nyumbani kwa baiskeli akidhani ameshikwa na wazimu. Mwaka 1958 yeye na wenziwe waliitoa psilosibini katika uyoga wa Mexico, na mwaka 1962 akenda mwenyewe Huautla na vidonge vyake, akampa María Sabina. Yule mama akakiri kwamba kilichomo katika kidonge ndicho kilichomo katika uyoga. Basi dawa ikatoka mlimani ikaingia chupani. Sharti zake zikabaki mlimani.

Marekani ilionesha upesi matunda ya jambo hilo. Shirika la ujasusi, CIA, katika mpango wa siri ulioitwa MK-Ultra ulioanza mwaka 1953, liliwanywesha watu LSD wengine wasijue walichonyweshwa. Mmoja wao, Frank Olson, mtaalamu wa jeshi, alitiliwa katika kinywaji mwezi wa Novemba 1953, na baada ya siku chache akaanguka kutoka dirisha la hoteli ya New York akafa. Watu wake hawakuambiwa khabari ya LSD mpaka mwaka 1975. Kwa upande mwingine Timothy Leary, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, aliifanyia dawa hiyo mahubiri, akiwaita vijana waitumie, hata Harvard ikamwachisha kazi mwaka 1963. Huyu aliitangaza kwa kelele, wale waliinywesha watu kwa siri, na baina yao wakapotea matabibu waliokuwa wakifanya kazi kwa utulivu, kama Humphry Osmond huko Saskatchewan, Kanada, aliyekuwa akiijaribu kwa watu walioshindwa kuacha pombe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 iliziweka dawa hizi katika daraja la kwanza la marufuku, na mkataba wa Vienna wa mwaka 1971 ukaufanya mwendo huo kuwa wa dunia. Utafiti kwa wanadamu ukawa karibu na kufa.

Ulifufuka kwa polepole. Mwaka 2006 Roland Griffiths na wenziwe wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, walitoa khabari za watu wazima 36 waliopewa psilosibini kwa uangalizi. Na msomaji atazame namna walivyofanya. Mtu huchunguzwa kwanza, na mwenye wazimu, au mwenye jamaa wa karibu mwenye wazimu, hukataliwa. Hukaa na waangalizi wake siku kadha wa kadha kabla ya dawa, ili awajue na kuwaamini. Siku yenyewe hulazwa katika chumba kilichotengezwa kama sebule, macho yake hufunikwa, muziki hupigwa, na waangalizi hawaondoki mpaka dawa imekwisha. Kisha huzungumza naye juu ya aliyoyaona. Nyumba ya Huautla na chumba cha Baltimore havifanani kwa dini wala kwa ilimu, lakini vimefanana kwa sharti: mgonjwa, mjuzi, mahali palipofungwa, na mtu wa kukaa naye mpaka mwisho.

Natija zake ni za kutia matumaini, wala si miujiza. Mwaka 2016 chuo hicho kilieleza khabari za wagonjwa 51 wa saratani waliosumbuliwa na huzuni na khofu. Baada ya miezi sita, wapata wanane katika kumi walikuwa bado wamepata nafuu kubwa. Lakini jaribio lililo kubwa zaidi, la mwaka 2022, lililokuwa na wagonjwa 233 wa huzuni isiyosikia dawa, lilitoa hesabu ya chini. Katika waliopewa miligramu 25, asilimia 37 walipata nafuu baada ya wiki tatu, na waliopewa miligramu moja tu, asilimia 18. Ilipofika wiki ya 12, nafuu iliyodumu kwa wale wa kwanza ilikuwa asilimia 20, na katika jaribio hilo wako walioingiwa na fikira za kujidhuru. Tena liko tatizo lisilokwepeka: katika majaribio ya dawa mgonjwa hatakiwi kujua alichopewa, lakini aliyeona ukuta ukipumua hahitaji kuambiwa.

Jingine ni amana. Katika jaribio moja la Kanada la dawa ya MDMA, ambayo ni jirani wa hizi, waangalizi walimvunjia mgonjwa heshima ya mwili wake naye yu katika hali ya kutojimiliki. Mwezi wa Agosti 2024 idara ya dawa ya Marekani ilikataa kuipasisha MDMA kwa wagonjwa wa kiwewe, ikataka majaribio zaidi. Australia ilikwisha kuwaruhusu madaktari wa akili wenye idhini maalumu, tangu Julai 2023, kuwaandikia wagonjwa psilosibini na MDMA.

Katika sheria, jimbo la Oregon ndilo lenye funzo zaidi. Mwezi wa Novemba 2020 watu wake walipiga kura mbili. Ya kwanza iliruhusu psilosibini kuliwa katika nyumba zenye leseni, mbele ya msimamizi aliyefunzwa. Nyumba hizo zilifunguliwa mwaka 2023 na sheria yake imesimama. Ya pili iliondoa adhabu ya jinai kwa mwenye kukutwa na kiasi kidogo cha dawa yoyote, hata heroini. Watu wakaonekana wakivuta hadharani, vifo vya fentanili vikazidi, na ingawa wataalamu wamekhitalifiana kama sheria ndiyo iliyovileta, bunge liliirudisha adhabu kuanzia Septemba 2024. Kura ya kwanza ilifungua mlango ikaweka bawabu. Ya pili iliung'oa mlango.

Wanazuoni wa Kiislamu waliwahi kukabiliwa na suala la jinsi hii, pale hashishi ilipoenea Misri na Sham katika karne ya saba ya Hijra. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 728, aliipa hukumu ya pombe pamoja na adhabu yake. Al-Qarafi wa Cairo, wa madhehebu ya Maliki, aliyekufa mwaka 684, alipambanua katika kitabu chake Al-Furuq baina ya kinacholevya kwa kuleta furaha na ushujaa, kinacholaza, na kinachoharibu akili pasi na furaha hiyo. Hashishi akaitia katika fungu la mwisho: kuitumia kwa kuharibu akili ni haramu na mtumiaji huadhibiwa kwa taazir, lakini haina hadd wala si najisi. Khitilafu yao ilikuwa katika fungu na adhabu. Kuhusu mchezo hapana aliyeruhusu, maana akili ni katika mambo matano yaliyohifadhiwa na sharia. Kuhusu matibabu, An-Nawawi wa madhehebu ya Shafi aliona yafaa kupewa kiondoa akili mtu anayekatwa kiungo kilichooza. Mwenye kulipima suala la psilosibini ana mizani hiyo mbele yake: haja iliyothubutu, tabibu mwaminifu, na kukosekana dawa nyingine.

Kwa mtu wa pwani mambo yalivyo ni haya. Kenya na Tanzania zimo katika mkataba wa mwaka 1971, na uyoga unaouzwa kwa simu na intaneti hauna mjuzi wala chumba wala wa kumkatalia asiyefaa. Mwenye huzuni nzito amefunguliwa Mathari Nairobi, Muhimbili Dar es Salaam na Kidongo Chekundu Unguja, ambako ziko dawa zilizojaribiwa kwa miaka mingi. Na aliyekwisha kupewa dawa huko asichanganye. Mwenye kumeza lithiamu akila uyoga huu aweza kushikwa na kifafa, na mwenye kuacha ghafula dawa zake za huzuni ili apate kuujaribu huenda akarudiwa na maradhi yake kabla ya kuufikia.