RAMADHANI, SIKU YA 12: UKUTA UNAOKUBALI KUKUA



Mchicha ulionyauka ukiuweka kwenye beseni la maji, baada ya muda unasimama tena. Umewahi kujiuliza umesimamishwa na nini? Mchicha hauna mfupa!

Mmea umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno, na kila seli ina ukuta wake. Maji yakiingia, seli inajaa na kuusukuma ukuta, na ukuta nao unaizuia. Kusukumana huko ndiko kunakosimamisha jani. Bila ukuta, seli ingeweza kupasuka kwa maji yale yale yanayoipa uhai. Subhanallah.

Sasa tazama unavyojengwa. Seli ikigawanyika kuwa mbili, katikati huwekwa kwanza gundi ya pektini, ile ile inayogandisha jemu. Kisha kila seli inasuka nyuzi za selulosi, ambazo asili yake ni sukari. Ukuta huu wa kwanza ni imara lakini unanyumbuka, maana seli bado inakua. Kwenye miti, seli ikishamaliza kukua ndipo unajengwa ukuta wa pili kwa ndani, mnene, ukakazwa kwa lignini. Huo ndio ugumu wa mbao ya mninga. Lau ugumu ungetangulia, seli isingekua.

Hapa najisema mwenyewe. Nilipoanza kufundisha madrasa, nilimkuta mtoto wa miaka minane akinywa maji mchana wa Ramadhani. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena. Saumu ilikuwa bado haijamwajibikia, hajabaleghe. Mimi nilitaka mninga kwenye mche.

Masahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Mtoto akililia chakula, walimpa mwanasesere wa sufu acheze mpaka jua lizame. Ukuta upo, ila unanyumbuka.

Basi mzazi, mtoto akifunga mpaka adhuhuri akashindwa, usimwite mvivu. Mpe chakula, umsifu, na kesho mwamshe daku ajaribu tena. Na sisi watu wazima tusijifiche kwa watoto: kwetu ukuta wa pili ulishapaswa kuwepo.

Kazi ya leo: kama kuna mtoto uliyemvunja moyo katika dini, mwite mfuturu pamoja. Wangu yule bado namtafuta.

Wabillahi tawfiq.