Usaili kwa Video Ukiwa Tarakea

Si zamani sana, kijana wa Tarakea akiitwa usaili Dar es Salaam alihitaji nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala na ndugu wa kumpokea. Wapo waliokosa kazi kabla hawajaulizwa hata swali moja. Siku hizi baadhi ya waajiri wanaanza kwa video, nawe unaweza kukutana nao ukiwa nyumbani kwenu. Kwetu Rombo huo ni mlango mkubwa, na inaniuma kuona mtu anafungiwa nje kwa jambo ambalo angelirekebisha jana yake.

1. Soma saa mara mbili. Ujumbe ukisema 10:00 asubuhi, ni saa nne, si saa kumi. Kama mwajiri yuko London, muulize anatumia saa za wapi: 10:00 yao mwezi Januari ni saa saba mchana kwetu, na mwezi Julai ni saa sita mchana, kwa sababu wao husogeza saa mbele majira ya joto.

2. Simu isivuke mpaka. Loitokitok ni hapo ng'ambo tu, na simu iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kudaka mnara wa Kenya. Salio linayeyuka, au intaneti inakata kabisa katikati ya sentensi. Ingia kwenye mipangilio, zima matumizi ya data ukiwa nje ya nchi, kisha chagua mtandao wako mwenyewe. Fanya hivyo jana yake, ukae palepale utakapokaa siku yenyewe. Nyumba moja inaweza kuwa na mtandao mzuri sebuleni na chumbani usiwepo kabisa.

3. Bando la kutosha, na njia ya pili. Zoom kati ya watu wawili hula karibu nusu GB kwa saa, na picha ikiwa safi zaidi inafika GB 1. Weka GB 2 ulale kwa amani. Laini ya pili iwe ya kampuni nyingine, nayo iwe na bando. Chaji simu usiku, maana umeme haukupi taarifa. Omba pia namba ya mtu wa ofisini kwao, uiandike kwenye karatasi. Mtandao ukikata, piga mara moja useme kilichotokea.

4. Ogopa mabati. Hili limenipata. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nami nimekaa kwenye chumba kisicho na dari. Nilipoulizwa swali la tatu mvua ikashuka. Niliona midomo ya wasaili ikicheza, sikusikia neno, na wao walisikia ngurumo tu. Kazi ile sikuipata. Kuanzia Machi hadi Mei tafuta chumba chenye dari: kwa jirani, ofisi ya mwalimu unayemfahamu, hata sakristia ukimwomba katekista mapema. Hakuna atakayekushangaa. Watu wa kwetu wanapenda mtoto wa jirani apate kazi.

5. Uso uelekee mlango. Nyumba nyingi za kihambani zina giza hata saa sita mchana, migomba inafunika madirisha. Ukiupa mgongo mlango au dirisha, wao wanaona kivuli kinachoongea. Geuka, mwanga uje usoni. Simu isishikwe mkononi. Mimi naiegemeza kwenye kisado kilichojaa maharage, juu ya stuli iliyo juu ya meza, kamera ikiwa sawa na macho. Kisado chenye maharage hakitelezi.

6. Ng'ombe ale kwanza. Ng'ombe wa zizini mwenye njaa hulia kupita spika yoyote. Kata majani alfajiri, mpe, mpe na maji. Kisha zungumza na watu wa nyumbani kwa heshima: "Mama, kuanzia saa nne hadi saa tano nina usaili, naomba redio izimwe na mgeni akija umpokelee nje." Mama akijua uzito wa jambo atasimama mlangoni kama askari.

7. Jina lako liwe jina lako. Usiingie kwa jina la aina ya simu yako, wala la mdogo wako aliyeitumia mara ya mwisho. Badilisha kabla.

8. "Tueleze kuhusu wewe." Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo vijana wetu wanapojipunja. Wanataja shule, wanataja cheti, wanasema ni wachapakazi, basi. Kumbe binti mmoja wao kakua akimsaidia mama yake kuuza maharage sokoni Tarakea, anapokea shilingi ya Tanzania na shilingi ya Kenya, anabadilisha kwa bei ya siku ile kichwani, na jioni hesabu inakaa sawa. Huyo ana uzoefu wa fedha na wa wateja! Aseme hivyo, kwa mfano mmoja: siku gani, tatizo gani, alifanya nini. Anayeomba kazi ya utalii aseme kwamba kakulia upande wa Mawenzi, kilele cha mita 5,149, na kwamba njia ya Rongai inaanzia Nale Moru, wilayani kwetu. Mtu wa mbali anayajua hayo kwa kusoma, wewe umeyaishi. Jizoeze kwa sauti mbele ya kaka au dada yako, si kimoyomoyo. Karatasi ya kusoma iache. Macho yakishuka chini kila mara, wanaona.

9. Punguza "eeh". Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa anapoongea: eeh, naam, ndiyo. Ana kwa ana ni adabu. Kwenye video, sauti yako inaweza kuikata ya kwake, na mwisho wa swali ukapotea. Itikia kwa kichwa. Akimaliza, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. Salamu usiipunguze: kama usaili ni wa Kiswahili na mbele yako kuna wakubwa, shikamoo bado ina nafasi yake.

10. Anayeomba pesa si mwajiri. Pesa ya fomu, pesa ya kuhifadhi nafasi, pesa ya kipimo: usitume.

11. Usisherehekee mapema. Shukuru, subiri waage wao, kisha kaa kimya ukitazama kioo mpaka picha zao zipotee zote na uhakikishe kipaza sauti kimezimika. Ndipo utoke nje umwambie mama redio iwashwe.