Somo la Afya: Tumbo Lililojaa Maji kwa Sababu ya Moyo

Mwezi huu yafaa tujifunze, na hasa ninyi wainjilisti, habari ya ugonjwa wa moyo usiojulikana na wengi. Naanza kwa kosa langu mwenyewe. Msichana mmoja wa usharika wetu, umri wake miaka 14, alivimba tumbo. Wazee wakasema ana mimba, nami nikakubali aitwe mbele ya baraza kabla hajaonwa na daktari. Alisimama pale akihema, asiweze kujibu. Hakuwa na mimba. Moyo wake ulikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya vyumba vya moyo mna utando laini. Utando huo, pamoja na nyama ya moyo iliyo chini yake, hushikwa na uvimbe, na mara nyingi katika damu huzidi zile seli nyeupe ziitwazo eosinofili. Baadaye palipovimba hufanya kovu nene, gumu kama ngozi iliyoanikwa juani. Moyo wenye kovu hilo hauwezi kutanuka kupokea damu. Basi damu husongamana katika ini na mishipa, na maji hujaa tumboni.

Daktari J. N. P. Davies aliandika habari zake mwaka 1948 huko Kampala, Uganda. Umeonekana pia Nigeria, India na Brazili. Katika Inharrime, nchi ya Msumbiji, watu 1063 walipimwa, na habari iliyotolewa mwaka 2008 yasema karibu mmoja katika kila watano alikuwa na alama zake, wengi wao wasijisikie wagonjwa. Chanzo hakijathibitika: wengine hutaja minyoo, wengine udongo, wengine chakula cha muhogo. Ulozi sio, hilo nalisema bila kuwangoja madaktari.

Mgonjwa huwa na tumbo kubwa sana, lakini miguu mara nyingi ni myembamba. Mishipa ya shingo husimama hata akiwa ameketi, uso hufura, pumzi humkatika. Walakini mtu asidhani ameujua kwa macho, maana ugonjwa wa ini, kichocho, na kifua kikuu kilichoshika mfuko wa moyo hujaza tumbo vile vile, na kifua kikuu kina dawa ya kukiponya. Hapana budi apimwe kwa eko, yaani mashine ya mawimbi ya sauti. Haiumizi. Huonyesha moyo ukipiga, na kovu likiwa limeziba ncha ya chumba.

Dawa za kukojoza, kama furosemidi na spironolaktoni, hupunguza maji. Kuyachota kwa sindano huleta nafuu, kisha hurudi. Dawa za kutuliza uvimbe hujaribiwa mapema. Kovu likiisha kuwa gumu haziliyeyushi. Upasuaji wa kuliondoa na kutengeneza vali waweza kurefusha maisha, nao ni wa hatari. Kwa magonjwa kama hayo iko Dar es Salaam Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tangu 2015. Lakini kutoka Singida ni kilomita karibu 700, na jamaa huulizana kwanza mbuzi wangapi wauzwe. Hapo ndipo usharika una kazi.

Msichana yule hunywa dawa zake kila siku. Tulikwenda kwao, mimi na wazee, kumtaka radhi. Mama yake alitupa viti. Yeye hakutoka ndani.